Kisu Alichopewa Jeruto

Asubuhi hiyo gati la Faza lilijaa abiria, magunia ya vitunguu na waendesha pikipiki wakiitana kwa kelele. Chini, maji yakimfika kiunoni, fundi wa mashine za boti alikuwa akivutana na kamba ya nailoni iliyojisokota kwenye pangaboi.

"Jamani, nani ana kisu?"

Wanaume wakapapasa mifuko yao bure. Msichana mrefu aliyevaa gauni la manjano na raba nyeupe akafungua mkoba, akatoa kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe na urembo wa fedha.

"Kikizama, utakifuata," alimwambia.

"Na nikikirudisha, utanitajia jina?"

"Kirudishe kwanza."

Alikirudisha, amekipangusa kwa shati lake. Ndivyo Jeruto wa Baringo, karani wa serikali, alivyojuana na fundi huyo, Wanyama wa Bungoma. Ramadhani ilipoingia, Faza nzima iliwajua. Jioni walionekana wakinunua kaimati pamoja, Jeruto akimlisha, Wanyama akijilamba vidole.

Kisu kilikuwa cha marehemu baba yake Jeruto, daktari wa mifugo. Aliyekiunda alikufa zamani, na wakusanyaji walivitafuta visu vyake kwa udi na uvumba. Baba alipokuwa mahututi alikiweka mkononi mwa Jeruto, kitinda mimba, mbele ya kaka zake wote. Tangu hapo Hillary, kaka mkubwa, hakumpa raha. "Mwanamke na kisu cha mzee wapi na wapi? Kiuze tugawane."

Kisha Bwana Abdulhalim wa Shela, mkusanyaji wa visu vya zamani, akatoa bei ya kutosha kununua boti yenye mashine mpya.

"Tungekuwa na boti yetu, kipenzi," Wanyama alisema.

Jeruto alikifungua kisu, akakifunga. Aliwaza mikono ya baba yake, kisha akaitazama ya Wanyama, yenye makovu ya kutengeneza mashine za watu.

"Nipe muda nifikiri."

"Fikiri, malkia wangu."

Lakini Jumamosi Bwana Abdulhalim alibisha hodi, kanzu imenyooka, kichwani kofia ya vito iliyodariziwa.

"Nimekuja kuchukua kisu, Bi Jeruto. Bwana Wanyama amenambia mmekubali."

"Tumekubali nani?"

Alimrudisha mikono mitupu, akampigia Wanyama simu.

"Ni kisu tu, mpenzi," Wanyama alibabaika. "Hillary alinipigia, akasema tulimalize kiume..."

"Kaka zangu wote walikinyooshea mkono. Sasa na wewe umenyoosha wako!"

Akakata. Simu zake zilizofuata hakuzipokea. Kazini macho yalimvimba, ila kila aliyemuuliza alijibiwa, "Vumbi."

Wiki iliyofuata Wanyama alitokea kwenye baraza ya ofisi, watu wamepanga foleni, naye yuko na ovaroli yake ya grisi.

"Nilifurahi kuitwa mwanaume, nikauza kisichokuwa changu," alisema bila kushusha sauti. "Nimekwenda Shela kumwomba radhi Bwana Abdulhalim. Amenisema mbele za watu, na nilistahili."

"Na Hillary?"

"Bado."

"Mpigie. Hapa hapa. Weka spika."

Simu ikaita. "Enhe, shemeji! Tumeuza?"

"Kisu ni cha Jeruto," Wanyama akajibu. "Akitaka kukiuza, atauza. Akitaka kukatia sukumawiki, atakatia."

Foleni ikaangua kicheko.

"Wewe ni mwanaume gani?" Hillary alifoka.

"Wa kwake."

Jeruto akainama kwenye simu.

"Hillary, nimefikiri vya kutosha. Hakiuzwi, leo wala kesho. Baba hakukosea mtu wa kumpa. Na huyu namleta nyumbani kuniposa. Mkimkataa, tutaoana bila nyinyi."

Wanyama akamgeukia. "Jeruto, mbona mimi sijakuomba?"

"Si uombe! Simu iko hewani."

Wanyama akapiga goti juu ya sakafu ya baraza, akaomba mbele ya wenye shida zao za vitambulisho na vyeti. Jibu Hillary alilisikia kwa masikio yake mwenyewe.