Nyumba Iliyokatazwa Kulia

Ndugu zangu, kaeni vizuri niwaeleze habari ya nyumba moja ya watu wema. Nasema watu wema kwa makusudi, maana balaa la nyumba hii halikuletwa na pombe wala uzinzi. Lililetwa na neno zuri lililoshikwa vibaya.

Jumamosi alasiri ungewakuta wote watatu uani. Baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa akisafisha brashi zake kwa mafuta ya taa, kwani kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu. Mama alikuwa kwenye cherehani. Katikati yao alikaa binti yao wa pekee, anachambua mchele na kuongea. Kuongea huko, jamani! Alianza kabla hajaota meno yote na mdomo wake haukuwahi kwenda likizo. Ndiyo maana wakamwita Chiriku, kama yule ndege asiyenyamaza, na wazazi nao wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku, hadi majina yao ya ubatizo yakasahaulika.

"Baba, hiyo rangi iliyo kisiginoni kwako umeitoa wapi?"

"Kwenye ukuta wa mwalimu."

"Basi mrudishie, asije akasema umemwibia ukuta."

Mama akacheka mpaka uzi ukamkatikia.

Wiki iliyofuata Chiriku alilalamika kichwa. Wakadhani ni jua. Kumbe ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na haikuwapa hata nafasi ya kuagana. Msichana aliyekuwa anakaribia kumaliza chuo cha ualimu akazikwa, na uani pakawa kimya.

Fundi alikuwa mzee wa kanisa. Kaburini mkewe alipojitupa chini, alimwinua kwa mkono na kumwambia, "Simama. Wanaolia hivi ni wale wasio na tumaini." Kisha akaanzisha wimbo wa shangwe, jicho kavu kabisa. Watu wakapigwa na butwaa. Wakasema, huyu ndiye mtu wa imani. Sifa hizo zilimwingia kichwani, lakini nawaambia kilichokuwa moyoni mwake kilikuwa kitu kingine. Aliogopa. Aliona kwamba akiangusha chozi moja tu, imani yake yote itabomoka nalo.

Wageni walipoondoka, alimketisha mkewe.

"Sisi ni watu wa ufufuo," alisema. "Katika nyumba hii tumechagua furaha. Hatulii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na lile jina tuliache, linatutonesha tu."

"Sasa utaniita nani?"

"Nitakuita mke wangu."

"Mke wako nilikuwa tangu zamani," mama alijibu, akainamisha kichwa.

Fundi aliwapitia majirani mmoja mmoja kuwaomba wasimwite tena Mama Chiriku. Picha akazitia sandukuni. Chumba cha binti kilikuwa na ukuta wenye unyevu, na yeye, aliyewahi kufukuza vibarua kwa kupaka rangi juu ya unyevu, alikipaka njano hivyo hivyo bila kusubiri kikauke. Mvua zilipokuja rangi ikafura malengelenge. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Mama alitii. Tena alitii kupita kiasi. Ibada ya asubuhi aliimba huku anatabasamu. Wateja waliokuja kupima nguo aliwapokea kwa tabasamu. Wanawake wenzake wakija kumpa pole, Fundi aliwahi mlangoni: "Karibuni, kwetu ni shangwe tu!" Nao waliokuja na machozi yao waliyameza, wakarudi nayo makwao. Chakula mama alikuwa anakigusagusa tu. Nguo zake mwenyewe zikaanza kumpwaya, na hakuzipunguza, yeye fundi wa kupunguza nguo za wengine.

Siku moja alikuwa akinyoosha gauni la mteja. Alikuwa anatazama mbele bila kuona, na pasi ikamkalia mkono wa kushoto. Fundi aliporudi kutoka kazini alikuta mkono umezungushiwa kitambaa.

"Umefanyaje?"

"Pasi. Kidogo tu."

"Inauma?"

"Bwana asifiwe," mama alisema, akatabasamu.

Na Fundi, Mungu amsamehe, akafurahi. Alijisemea kwamba mkewe sasa amekomaa kiroho. Hakukifungua kile kitambaa.

Kidonda kikaoza chini ya kitambaa na tabasamu likabaki palepale. Hadi mteja mmoja alipokuja kuchukua nguo, akamkuta mama amelalia cherehani, mwili unawaka moto, hajitambui vizuri. Fundi aliitwa kutoka juu ya ngazi ya kazini, akakimbia na rangi yake mikononi.

Hospitalini muuguzi alikifungua kitambaa, akageuza uso kidogo, kisha akaanza kusafisha. Ilikuwa kazi ya kumfanya hata askari apige kelele. Mama hakutoa sauti. Muuguzi akasimamisha kazi.

"Mama, huumii?"

"Naumia," alijibu kwa unyonge. "Lakini kwetu hatulii."

Muuguzi akamgeukia Fundi. "Huyu mmemfanya nini?"

Daktari alikuja, akasema sumu imeshaingia kwenye damu. Vidole viwili lazima vikatwe, na hata hivyo hawezi kuahidi kwamba mama atapona. Muuguzi akachukua kalamu.

"Wodini tunawaita kwa majina ya watoto wao. Huyu ni mama nani?"

"Mama Chiriku," alisema Fundi, yeye mwenyewe aliyelikataza jina hilo.

"Vizuri. Mwite basi huyo Chiriku aje amwone mama yake."

Tangu kaburini hakuwahi kulitamka neno la kifo. Alijua kulizungushia maneno mengine: amelala, ametangulia, yuko mahali pazuri. Sasa aliulizwa kwa lugha ya kawaida na mtu mwenye haraka.

"Amekufa," alisema Fundi. "Mwanangu amekufa."

Alikuwa amejikaza kisabuni miezi yote hiyo, na hapo hapo akaachia. Alilia kama mtoto, kwa sauti, mbele ya wagonjwa na ndugu zao, mzee mzima wa kanisa. Akilia hivyo alikuwa anasubiri imani yake ibomoke. Alisubiri. Haikubomoka. Alimkuta Mungu yupo palepale, tena karibu kuliko siku zote alizokuwa anaimba kwa nguvu.

Mama akafumbua macho.

"Baba Chiriku, unalia?"

"Nalia."

"Basi njoo ulie hapa karibu."

Akapiga magoti kando ya kitanda, nao wakamlilia mtoto wao kwa mara ya kwanza wakiwa pamoja. Walipochoka mama akasema polepole, "Yesu alimlilia rafiki yake aliyekufa, na alijua anakwenda kumfufua. Wewe ulitaka kumzidi imani?"

"Nilikosa. Nisamehe."

"Unakumbuka Chiriku alivyomsahihisha mchungaji katikati ya mahubiri?"

"Alikuwa na miaka sita! Nilitamani ardhi inimeze."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba cha mgonjwa, kimechanganyika na kwikwi, lakini kilikuwa chake.

Alipona, bila vidole viwili. Kazi za vifungo na darizi hawezi tena, na anayemtungia uzi sindanoni ni mumewe. Jumapili aliyorudi kanisani aliomba nafasi ya kushuhudia.

"Nimefiwa na mwanangu Chiriku," alisema, "na hata leo asubuhi nimelia. Kisha nikanawa uso nikaja kumwimbia Bwana, kwa sababu hajaniacha. Furaha hii nimeichagua mwenyewe. Mkiniona nacheka msiseme nimesahau, na mkiniona nalia msiseme nimekufuru."

FUNZO

Wapendwa, furaha ya Mkristo huchaguliwa, hilo ni kweli. Lakini haichaguliwi kwa amri ya mume, wala ya mchungaji, wala kwa kuogopa macho ya watu. Furaha inayokataza machozi ni woga uliovaa nguo za Jumapili, na huko ndani kidonda kinaoza. Mungu hashtuki tukimlilia. Anayemwamini ndiye anayemletea uchungu wote bila kuficha, akatoka kwake na nguvu za kuishi siku nyingine.

Nawe unayekwenda kwa aliyefiwa, usimfundishe kutabasamu. Mtaje mtoto wake. Keti naye, lia naye, mpikie ale. Wimbo atauanzisha yeye mwenyewe.