Mafuta kwenye Mkeka wa Zaina

Immaculée ana saluni ndogo mtaa wa Point, Durban. Anasuka nywele pamoja na Zaina. Wote ni Wakongo. Immaculée ni Mkristo, Zaina ni Mwislamu. Zaina humwita Yaya, yaani dada mkubwa, na sahani yao ya chakula cha mchana ni moja. Lakini maneno ya watu ni sumu.

Wanawake wa kikundi cha maombi walimwambia Immaculée, "Huyo anaabudu jiwe. Analeta pepo kwa duka yako."

Badala ya kuuliza, akaamini. Siku moja Zaina alimwacha mteja wake kitini, akatoka kununua nywele za kusukia. Immaculée alichukua mafuta ya upako ya kanisani, akayamwaga kwenye mkeka wa Zaina wa kuswalia, huku akikemea kwa sauti. Zaina akaingia.

"Yaya, unafanya nini?"

"Nafukuza roho mbaya."

"Roho yangu njo mbaya?"

Zaina hakugomba. Alikusanya vitana vyake akaondoka. Mteja alibaki kwenye kiti, kichwa kimesukwa nusu.

Jioni Fabien, jirani ambaye ni mwalimu wa historia, alipita kusalimia. Immaculée alimweleza yote.

"Eish, Mama, umekosea," Fabien alisema. "Waislamu hawaabudu jiwe. Muhammad mwenyewe alikataza kuabudu sanamu."

"Sanamu gani?"

"Kabla ya Uislamu, Waarabu wengi waliabudu miungu mingi. Sanamu nyingi ziliwekwa Maka, kwenye nyumba ya ibada inayoitwa Kaaba. Wayahudi na Wakristo pia walikuwako Arabuni. Na watu wachache walimtafuta Mungu mmoja wa Abrahamu."

"Na Muhammad?"

"Alizaliwa Maka, akakua yatima, akawa mfanyabiashara. Waislamu wanaamini malaika Gabrieli alimletea neno: Mungu iko moja tu. Wakubwa wa Maka walikasirika, akahamia Madina. Aliporudi, sanamu zikavunjwa."

"Na lile jiwe jeusi?"

"Iko kwenye ukuta wa Kaaba. Wanaliheshimu, hawaliombi. Wanaelekea Kaaba ili wote waswali upande mmoja. Wanayemwomba ni Mungu."

Fabien akaendelea, "Tena sikia. Wafuasi wa kwanza waliteswa, wengine wakakimbia. Unajua nani aliwapokea? Mfalme wa Habeshi, Mkristo. Watu wa Maka walikuja kuwadai. Mfalme aliwasikiliza wakimbizi kwanza, halafu akakataa kuwatoa."

Aibu ilimshika Immaculée. Yeye mwenyewe ni mkimbizi, na hakumsikiliza mwenzake hata kidogo.

Kesho yake alipanda taksi hadi Cato Manor, anakoishi Zaina. Zaina alifungua mlango kidogo.

"Nimekukosea, mdogo wangu. Nisamehe. Niliwasikiliza watu, wewe sikukuuliza."

"Tunakula pamoja kila siku, Yaya. Ungeniuliza tu."

"Sasa nakuuliza. Ukiinama pale kwenye mkeka, unaomba nini?"

Zaina alimtazama kwanza.

"Naombea watoto wangu," alisema. "Naombea na wewe, miguu yako inayovimba kwa kusimama kutwa ipone."

Immaculée alilia palepale mlangoni. Zaina akamvuta ndani, akampa chai.

Jumatatu Zaina alirudi kazini. Wanawake wa kikundi walipokuja tena na maneno yao, Immaculée hakubishana nao. Aliwavutia viti.

"Kaeni," alisema. "Zaina iko hapa. Mumuulize mwenyewe."