Kisu cha Baba Kilichogoma Kufunguka

Upepo ulivuma tangu alfajiri. Mabati ya banda yaligongana, mbwa hakutulia, na vumbi jekundu liliingia hadi kwenye kopo la sukari. Sisi wa Oklahoma magharibi tunaujua upepo wa Machi, lakini hatujauzoea.

Baba yangu, Orval Tackett, alikuwa nje akiwalisha ng'ombe. Kila asubuhi hukata kamba za marobota ya nyasi kavu na kuziondoa zote, kwa sababu ng'ombe akimeza kamba anaweza kufa. Hutumia kisu cha kukunja, cha mfukoni, alichoachiwa na babu. Siku hizo kisu kilikuwa kimegoma. Baba alikivuta kwa ukucha, akakunja uso, akakitukana kama mtu.

Asubuhi hiyo aliingia jikoni mbio. Mkono wa kulia ulishika kisu kikiwa wazi. Kidole gumba cha kushoto kilitiririka damu.

"Kimekukata tena?" Mama aliuliza.

"Kimeteleza tu, Nadine."

"Kimeteleza wapi? Umekilazimisha, kikaruka! Corliss, lete kitambaa."

Nilileta. Mama alikifunga kidole, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Hiki kinataka kushonwa. Twende hospitali. Na nikirudi, hicho kisu nakitupa bwawani."

"Hicho ni cha baba yangu!"

"Na kidole ni cha mume wangu."

Baba alikiweka kisu mezani, kikiwa wazi vilevile. Mlangoni aligeuka, akaninyooshea kidole kizima.

"Usikifunge, Corliss. Nimekifungua mimi, nitakifunga mimi."

Kwetu ndivyo ilivyo. Aliyefungua kisu ndiye anayekifunga. Mtu mwingine akikifunga, ameita mkosi. Hata ukiazimwa kisu kikiwa wazi, unakirudisha kikiwa wazi. Nimewaona wanaume wenye ndevu nyeupe wakikimbizana sokoni na kisu wazi mkononi, wakimtafuta mwenyewe akifunge.

Gari liliondoka. Nilizunguka meza. Nilikaa, nikasimama. Mama akisema atatupa, hutupa. Kisu kikienda bwawani, Baba hatamsamehe. Kikibaki kilivyo, atapoteza kidole. Nilikizungushia taulo, nikawasha pikapu, nikaenda kwa jirani yetu, Bi Arvilla Hutto.

Bi Arvilla hunoa mikasi ya wasusi na ya wakata manyoya ya kondoo. Ana sauti kubwa na hajui kuificha.

"Taulo lina damu! Umeua nani, binti?"

"Sijaua. Ni kisu cha Baba. Hakifunguki mpaka kimkate."

Alikichukua, akakinusa.

"Mafuta ya trekta! Orval anakitumia hiki au anakikaanga?"

"Hukimiminia kila Jumapili, tukitoka kanisani. Kikizidi ugumu, anaongeza."

"Ndiyo maana. Njoo uone hapa, ubapa unapokutana na mpini. Hii ndiyo bawaba yake. Mafuta mengi hunasa vumbi, makapi ya nyasi, na nyuzi za mfuko wa suruali. Vyote vinakuwa tope. Babako anamwaga mafuta juu ya tope. Haya, kifunge tuanze."

Sikusogea.

"Sikukifungua mimi, Bi Arvilla."

"Na utakisafishaje bila kukifunga na kukifungua?"

"Mkosi..."

"Mkosi! Babako anadungwa sindano saa hii. Hiyo ni bahati?"

Nilikifunga. Kilikwaruza kama kimejaa mchanga.

"Sasa sikiliza," alisema. "Shika mpini kwa pande zake. Vidole visikae kwenye njia ya makali. Usiwe na haraka. Ukiona unatumia nguvu, acha."

Aliweka maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kwenye bakuli. Tulikitumbukiza kisu, tukakifungua na kukifunga polepole ndani ya maji. Maji yakawa meusi. Alinipa mswaki wa zamani nisugue bawaba, kisha kijiti cha meno nichokoe ndani ya mpini. Nilitoa donge la uzi na nyasi, kubwa kama harage.

"Ona! Babako amefuga kiota!"

Tulibadilisha maji mpaka yakabaki meupe. Nilikipangusa, nikataka kutia mafuta.

"Wee! Kausha kwanza. Maji yakibaki ndani yanaleta kutu."

Alileta mashine yake ya kukaushia nywele, tukapuliza mpaka bawaba ikakauka. Kisha akatoa mafuta ya cherehani.

"Tone moja. Kwenye bawaba tu. Mafuta ya kupikia usiguse, yanaganda."

Nilikifungua na kukifunga. Uchafu kidogo ukatoka, nikaupangusa, nikatia tone jingine. Safari hii mafuta yalitoka safi. Kisu kilifunguka laini, kikasimama kwa mlio mdogo: ta!

"Na kama kingebaki kigumu?" niliuliza.

"Basi chuma kimepinda. Ungekipeleka kwa fundi. Usikigonge nyundo, usikichokoe kwa bisibisi. Haya, nenda, kabla mamako hajafika bwawani!"

Nilifika kabla yao kidogo, nikakirudisha kisu mezani kikiwa kimefungwa. Baba aliingia, kidole kikiwa na bandeji nene. Macho yalienda mezani moja kwa moja.

"Nani kakifunga?"

"Mimi."

"Corliss!"

"Kifungue kwanza, Baba."

Mama alimtangulia. Alikichukua ili akakitupe, lakini ukucha wake ulivuta ubapa, nao ukatoka bila ubishi. Alikitazama. Alikifunga, akakifungua tena, akakifunga.

"Kumbe kilikuwa kichafu tu," alisema, akampa Baba. "Haya. Siendi bwawani."

Nilieleza yote: tope, sabuni, kukausha, tone moja. Baba alisikiliza akitembea huku na huku. Wakati wa chakula alikula maharage na mkate wa mahindi bila kunitazama. Upepo uligonga madirisha.

Asubuhi nilimfuata nje nimsaidie. Alishika mpini taratibu kwa mkono wenye bandeji. Kisu kikafunguka. Alikata kamba ya robota la kwanza, la pili, la tatu. Hakutukana. Hakuvuja damu. Ng'ombe walikula, naye akakusanya kamba zote.

"Kinafanya kazi," alisema mwishowe. "Jumapili nitatia tone moja. Lakini umefunga kisu nilichokifungua mimi, na nilikukataza. Niombe radhi, mambo yaishe."

"Nisingekifunga, kisingesafishika."

"Sijauliza hilo. Niombe radhi."

Vumbi lilitupiga usoni. Nilitazama kidole chake.

"Siombi, Baba."