Mgongo Kushoto, Kilo Tatu na Robo

Mkunga alipokwenda kufunga dirisha la chumba cha kupimia wajawazito, jua lilikuwa limeshaanza kuzama, na matumbo arobaini na moja yalikuwa yameshapita mikononi mwake tangu asubuhi. Watu walimwita Mama Futi, kwa ile futi ya kamba aliyoivaa shingoni kama wenzake wavaavyo mkufu. Alichobakiza ni kukamilisha daftari la zahanati, kwa kuwa kesho yake mkaguzi angekuja kulipitia.

Mkaguzi huyo hakuwahi kuuliza kama kuna mtoto aliyezaliwa salama. Aliuliza kwa nini kisanduku cha daftari kiko wazi. Kwake yeye mtoto angeweza kulala kichwa chini, matako chini, au akakingama tumboni kama gogo barabarani, ilimradi wino umepita. Kwa hiyo wakunga walikuwa na dawa yao: siku ukizidiwa, unaandika vipimo vya mimba yoyote unayoikumbuka.

Mama Futi hakuwa na haja ya kukumbuka mbali. Mke wa mwanawe wa pekee alikuwa na mimba ya wiki thelathini na saba, akiishi naye katika nyumba za watumishi nyuma ya zahanati, na kila asubuhi alipapaswa tumbo kabla hajapewa chai. Kichwa chini. Mgongo kushoto. Kwa makisio, kilo tatu na robo. Mjukuu wa kwanza huyo! Vipimo vyake alivijua kuliko namba yake mwenyewe ya simu.

"Hodi..."

Mwanamke alikuwa ameshasimama ndani. Hatua zake hazikusikika.

"Tumefunga, mwanangu."

"Nimetoka mbali, mama. Kadi ninayo."

Kadi ilikuwa kuukuu, imechakaa kwenye mikunjo, lakini haikuwa na tarakimu hata moja.

"Mimba kubwa hivi, hujapimwa hata siku moja?"

"Nimepimwa sana," alinong'ona. "Hawaandiki."

Mama Futi alicheka kidogo. Hatimaye amepatikana mtu anayependa fomu kuliko mkaguzi. Akampandisha kitandani. Kitanda kile kililalamika hata kikilaliwa na mtoto wa miaka mitatu. Safari hii kilinyamaza.

Kulikuwa na harufu. Nguo mbichi zilizokunjwa zikasahauliwa.

Akapima kwa futi, toka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba: sentimita thelathini na sita. Sawasawa kabisa na mimba iliyokomaa. Akapasha viganja joto, akaanza kupapasa. Juu, matako hayakuwapo. Ubavuni, hapakuwa na mgongo wala magoti. Chini, mahali pa kichwa, vidole vilizama tu, kama anabonyeza mto wa sufi.

Akachukua kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto. Akainama. Akabana pumzi.

Hakuna mapigo.

Lakini si kimya cha kitu kitupu. Upande wa pili... pia kulikuwa na aliyetega sikio.

Akainuka haraka, kipembe kikamponyoka.

"Mtoto simpati," alisema. "Inabidi uende hospitali kubwa."

"Siendi. Andika tu, mama, niondoke."

Mama Futi alitazama mlango, akatazama giza linaloingia. Kuandika "hakusikika" kulidai fomu ya rufaa yenye nakala tatu, sahihi ya mganga aliyekwisha kwenda kwake, na gari ambalo dereva wake hajaonekana tangu Jumanne. Mikono imechoka, alijiambia. Kipembe kina ufa. Mtoto amelala vibaya. Ukweli ni kwamba alitaka mwanamke huyu atoke. Basi kalamu ikakimbilia ilikozoea, kwenye daftari na kwenye kadi pia: kichwa chini, mgongo kushoto, kilo tatu na robo.

Kitenge kikacheza juu ya tumbo la mwanamke.

Kitu kilipiga teke kwa ndani. Kisha kikapiga tena, kwa nguvu.

Mwanamke aliteremka polepole, amekumbatia tumbo, machozi yakimtiririka. "Ahsante, mama. Yuko vilevile ulivyomwacha asubuhi."

Mama Futi alipopata sauti ya kumuuliza, alikuwa peke yake.

Nyumbani alimkuta mkwe wake amekaa kwenye kigoda jikoni, mwiko mkono mmoja, mkono mwingine tumboni.

"Mama, mjukuu wako leo kanuna. Tangu jua lizame hajacheza."

"Kalala huyo. Baba yake naye alikuwa hivyohivyo, mvivu toka tumboni." Lakini mikono ilishatangulia. "Hebu jilaze hapa."

Juu, hakuna. Ubavuni, hakuna. Chini, vidole vikazama.

Mto wa sufi.

"Mama? Mbona jasho?"

"Usiinuke. Narudi sasa hivi. Usiinuke!"

Alikimbia viatu mkononi. Mlinzi wa zahanati, mzee asiyeshangazwa na kitu, alimmulika kwa tochi kisha akaizima.

"Kumbe kaja kwenye zamu yako," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye kadi isiyoandikwa."

"Unamjua?"

"Namwona akipita. Yule muuguzi aliyehama, yeye alimwandikia vipimo vya mimba ya dada yake. Alipokuja kuvifuta palikuwa pameshakucha."

"Na dada yake?"

Mlinzi alishughulika na funguo.

Daftari la serikali halifutwi. Unapiga mstari mmoja, unaandika lililo kweli, unatia sahihi, na shahidi naye anatia yake. Mama Futi alikuwa ameucheka utaratibu huo miaka ishirini. Sasa aliufuata kama mtu anayevuka daraja la ubao mmoja. Mstari. *Nimepapasa. Sikumpata mtoto. Vipimo hivi si vya mama huyu.* Sahihi.

"Na wewe hapa, mzee."

"Mimi ni mlinzi. Si mtaalamu."

"Mzee wangu, tia sahihi!"

Akatia.

Nje ya ua yule mwanamke alilia. Hakikuwa kilio cha uchungu wa kuzaa. Kilikuwa cha mtu aliyepokonywa.

Walisubiri hadi kilipokatika.

"Na kadi yake?" mlinzi aliuliza. "Umeifuta?"

"Kaondoka nayo."

"Basi atarudi," mzee alisema. Alichukua kiti chake, akakihamishia mbele ya mlango wa nyumba za watumishi.

Ndani, mkwe alikuwa amelala chali jinsi alivyoachwa, anatabasamu. "Karudi, mama! Karuka mara tatu."

Mama Futi alipiga magoti. Kichwa, chini. Ukubwa, uleule. Mgongo...

Kulia.

Watoto hugeuka. Alishawaambia hivyo akina mama wasiohesabika. Ila huyu alikaa kama nguo iliyotolewa sandukuni, ikarudishwa haraka na mtu asiyejua ilivyokunjwa.

"Mzima?"

"Mzima, mwanangu."

"Mbona basi unalia?"

"Furaha tu."

Mkwe alicheka, kisha akaacha. Akauchukua mkono wa mama mkwe, akauweka chini kidogo ya mbavu.

"Sikia mwenyewe. Sasa hivi hapigi mateke. Ananishika, kwa ndani. Kanikamata, mama, kama mtu anayevutwa nje... na haachii."