Mfalme wa Kubuni wa Småland

Kila siku baada ya shule Keren alirudi Ixelles kwa basi, akafungua mlango mwenyewe, akaisalimia nyumba tupu. Kule Likasi, nchini Kongo, kabla ya kuhamia Brussels mwaka huo wa 2015, nyumba yao haikujua kunyamaza: shangazi wakicheka, majirani wakileta umbea, watoto wakigombea sahani. Hapa lilinguruma jokofu tu. Baba yake, Papa Ngoy, alirudi kutoka kazini jioni. Hata shuleni Keren alikula mkate wake peke yake.

Juma hilo mwalimu wao, madame Ghislaine, alimgawia kila mwanafunzi jimbo moja la kale la nchi za kaskazini, aeleze asili ya jina lake. Keren alipata Småland, huko Uswidi. Badala ya kufungua kitabu, alibuni.

"Palikuwa na mfalme Småla, jitu kubwa! Kila siku nyumba yake ilijaa wageni, wengine wakakaa madirishani!"

Darasa likavunjika mbavu. Mapumzikoni wakamzunguka.

"Eh, Keren, alikuwa na wake wangapi?" aliuliza Gilles.

Hata Nele, ambaye hakuwahi kumsalimia, alimmegea biskuti, akaahidi kumchora mfalme huyo.

Jioni Papa Ngoy aliutazama uso wa binti yake. "Mwana wangu, kuna nini?"

"Papa, nimepata marafiki kwa uongo. Nikisema kweli, wataenda zao."

Baba alivua viatu polepole. "Bon. Rafiki yao ni weye, ao ni ule mfalme?"

Keren alifungua kitabu.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa. "Mfalme Småla hakuwako. Nilimbuni. Småland maana yake ni nchi ndogo ndogo. Zilikuwa kadhaa, kila moja na sheria zake, kisha zikaitwa kwa jina moja."

"Mwongo!" Gilles akafoka. Nele akakunja mchoro wake.

Mapumzikoni Keren alikaa tena peke yake. Mara Nele akasimama mbele yake.

"Na jimbo lenu linaitwaje?"

"Katanga. Mwaka huu wameligawa, yamekuwa majimbo manne. Lakini sisi bado tunajiita watu wa Katanga."

Nele akaketi, akaigeuza karatasi ya mfalme upande mweupe. "Haya, nichoree hiyo Katanga."

Madame Ghislaine, aliyekuwa akiwatazama, alisogea. "Unaona, Keren? Jana walikuja wengi, wakamfuata mfalme. Leo amekuja mmoja, naye amekufuata wewe. Ukisema kweli, anayebaki ni wako."