Dawa za Mchana

Spoku alimwaga dawa ya Babu, na kwa sababu hiyo Babu hakuzungumza na dada yake walipoonana kwa mara ya mwisho.

Babu alikuwa fundi baiskeli. Yeye ndiye aliyempa mjukuu wake jina la Spoku, kwa kuwa msichana alikuwa mwembamba na mbishi kama waya wa gurudumu la baiskeli. Sasa saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo wa Babu, na daktari alisema wazi kwamba haitapona. Kilichobaki ni kumtunza nyumbani asiumie. Nesi anayezungukia wagonjwa majumbani alileta chupa ya morfini ya maji, pamoja na bomba dogo lisilo na sindano la kupimia.

"Kila baada ya saa nne," nesi alimwambia Mama, Spoku akisikia. "Msisubiri alalamike. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi."

Mama alikuwa msusi. Alitoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo dawa za mchana alizitoa Spoku, maana shule zilikuwa zimefungwa. Alimgeuza Babu ubavu, akamwekea mto mgongoni, akampaka mafuta miguuni.

"Taratibu, Spoku," Babu alimwambia. "Mimi si tairi unalolipandisha kwenye rimu."

Siku za mwanzo Babu alilala sana. Muuza mkaa alipoleta gunia, alichungulia ndani akatikisa kichwa.

"Hiyo dawa naijua. Inamlaza mtu moja kwa moja. Endeleeni kumpa, hamtaisikia tena sauti yake."

Maneno hayo yalimkaa Spoku rohoni, kwa sababu keshoye dada yake Babu alikuwa anakuja kutoka mbali. Bibi huyo alikuwa mzee kuliko Babu, miguu imevimba, masikio hayashiki simu hata umpigie kelele. Babu alikuwa ameshanyolewa ndevu kwa ajili yake.

"Niliuza cherehani yake bila kumwuliza, nikafungulia karakana," Babu alimwambia Spoku. "Miaka yote hii sijamwomba radhi. Safari hii nitamwomba."

Spoku akaamua kwamba Babu lazima awe macho. Siku Bibi alipofika, alivuta dawa kwa bomba kama kawaida, kisha akaimwaga kwenye karo la bafuni. Chupa ilipungua, na Mama hakushtuka.

Babu akawa macho kweli, lakini alikuwa anauma shuka. Jasho lilimtiririka hadi shingoni.

"We katoto," Bibi alimtania, "nimepanda mabasi mawili nije kukuona umenuna?"

Babu alifungua mdomo, akaguna tu. Bibi akaacha utani. Alimshika mkono mpaka Mama aliporudi na kumpa dawa ya jioni, na hapo Babu akapitiwa na usingizi, amechoka kama aliyeshinda akipakua magunia.

Siku ya pili Spoku alijiambia kwamba dawa za nyuma bado zimo mwilini, zikiisha Babu atakaa sawa. Akamwaga tena. Siku ya tatu akamwaga ya asubuhi, na mchana Bibi akafunga mzigo wake.

"Hata karibu hakuniambia," Bibi alimwambia Spoku mlangoni, akaondoka akichechemea.

Jioni hiyo nesi alikuja, akamkuta Mama amesharudi. Alimwomba Babu aonyeshe kwa vidole anavyoumia. Babu aliinua vitano vyote.

"Dawa anapewa yote?"

"Yote," Mama akajibu.

"Basi haimtoshi. Naongeza kipimo."

Spoku aliishika chupa. "Usiongeze! Za mchana nimezimwaga."

Mama alikaa kitako sakafuni. Nesi alimsikiliza Spoku mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Babu yako alilala kwa sababu kabla ya dawa alikaa wiki nzima bila usingizi," alisema. "Ungesubiri kidogo tu, angeamka mwenyewe na kupiga soga. Na mimi ningeongeza dawa kwa uongo wako, halafu siku mkimpa yote, tungempa kuliko anavyohitaji. Umechelewa kusema, binti. Lakini afadhali umesema."

Tangu hapo Babu alipewa kila dawa kwa saa yake. Baada ya siku chache alikaa ameegemea mito, akamaliza kikombe cha uji.

"Dada atafika lini?" akauliza.

Kwa maumivu ya siku zile, hakukumbuka kwamba alikuja. Mama alipomweleza, Babu akaomba aitwe tena. Bibi hakuweza safari nyingine. Mama alimpigia simu jirani wa Bibi, na jirani akaenda kumwambia Bibi sikioni, kwa sauti kubwa, maneno ya radhi ya Babu.

"Najua ulimpenda," Mama alimwambia Spoku wakifua mashuka. "Lakini dawa ya mgonjwa haiendeshwi kwa maneno ya muuza mkaa. Usichokijua, uliza. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama utachapwa."

Babu alifariki kabla shule hazijafunguliwa, bila maumivu.

Hasara ilikuwa hii: mchana wa siku tatu Babu aliumia bila sababu. Bibi kizee alisafiri bure na miguu iliyovimba. Na radhi aliyoisubiri miaka yote hiyo, Bibi aliisikia kwa sauti ya jirani.