Uji wa Siri wa Bibi Letisia

Jumatano moja, kabla ukungu haujainuka kijijini Yakobi, Germana alimnyonyesha mwanawe akashiba. Akamvalisha sweta na kofia, akamkabidhi kwa mama mkwe wake. Kisha akajitwika furushi la masweta ya mitumba, akaenda kupanda kosta ya Makambako. Aliuza masweta sokoni huko siku tatu kwa wiki, akirudi saa saba mchana. Mumewe, Yusto, alikuwa ameshatangulia kwenye kazi yake ya kupasua mbao.

Mtoto aliitwa Clemens, jina la marehemu babu yake. Alikuwa na miezi mitatu. Kwa kuwa alirithi jina la babu, Bibi Letisia alimwita mume wangu.

"Haya, mume wangu, tumebaki wawili," alimwambia. "Usinisumbue, nina viazi vya kumenya."

Lakini ilipofika saa nne, mume alianza kulia. Letisia alimbeba mgongoni. Alimwimbia nyimbo za Kibena. Alitembea naye hadi kwenye shamba la njegere, akarudi. Kilio hakikukoma.

"Huyu ana njaa," alisema peke yake. Akabandika sufuria, akapika uji mwepesi wa ulezi, akatia sukari kidogo. Mtoto alikunywa, akanyamaza, akalala.

Zilikuwa zimepita wiki mbili tangu aanze kumpa uji huo. Hakumwambia mtu. Alijua Germana ameambiwa kliniki kwamba mtoto apewe maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita. Letisia aliyasikia maneno hayo, akayaona ya vijana. Kila siku Germana alipouliza, "Mama, amelia?" alijibu, "Wapi! Amelala tu."

Siku ile Clemens alihara mara nne. Kesho yake, siku ambayo Germana hakwenda sokoni, alihara tangu asubuhi. Mchana alilegea, na alipolia, machozi yalitoka kidogo sana. Letisia alimtazama macho yalivyoingia ndani. Hakungoja Yusto arudi.

"Mama Clemens, vaa viatu," alisema. "Twende zahanati."

Walipokelewa na muuguzi Conjesta, mama mtu mzima mwenye sauti ya pole.

"Kamwene, bibi," alimsalimu.

"Kamwene, mwanangu. Mtazame mtoto huyu."

Conjesta alimpima, akamwambia Germana amnyonyeshe palepale. Akachanganya dawa ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, akamnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Akawapa na vidonge vya zinki. Ndipo akauliza, "Mtoto anakula nini?"

"Maziwa yangu tu," alijibu Germana.

"Hakuna kingine? Hata maji?"

"Hakuna, nesi. Nilifuata mlivyonifundisha."

Conjesta alikunja uso. "Basi tuanze kutafuta sababu nyingine."

Letisia alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini mtoto alikuwa mgonjwa, na muuguzi alikuwa akielekezwa njia isiyo sahihi.

"Usitafute mbali," alisema. "Mimi humpa uji. Wiki mbili sasa."

Germana aligeuka. "Mama! Si ulisema analala?"

"Nilisema. Nilikudanganya, mwanangu. Alikuwa analia ukiwa sokoni tangu alfajiri hadi saa saba, nami sikuvumilia."

Germana alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Conjesta alivuta kiti, akakaa karibu na bibi. "Umefanya vizuri kusema. Na hukukosea kwamba ana njaa. Muda wote huo bila kunyonya ni mrefu kwa mtoto mdogo. Tatizo ni kile ulichompa."

"Uji una ubaya gani?" aliuliza Letisia. "Nimelea watoto sita kwa uji."

"Uliwazaa wangapi, bibi?"

"Saba," alisema taratibu.

"Pole, mama yangu. Sisemi ni uji uliomchukua yule mmoja. Mimi sikuwepo. Ila sikiliza. Tumboni mwa mtoto wanaishi wadudu wadogo sana, hawaonekani kwa macho. Tunawaita bakteria."

"Wadudu? Basi mpe dawa uwaue!"

Conjesta alicheka. "Hapana, bibi. Wengi ni walinzi. Wanausaidia mwili kujifunza kupambana na magonjwa. Mtoto akizaliwa, ndipo wanapoanza kuingia kwa wingi. Na watakaoongezeka ni wale wanaopata chakula. Ndani ya maziwa ya mama kuna aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuisaga."

"Kama haisagi, ya kazi gani?"

"Ni chakula cha bakteria wazuri. Wakila wanaongezeka, wanatengeneza uchachu kidogo tumboni, na wale wa kuhara wanakosa pa kukaa. Ukileta uji mapema, bakteria wa aina nyingine wanapata nafasi, na walinzi wanapungua. Tena maji na kikombe vinaweza kuingiza wadudu wa kuhara."

"Na wale walinzi niliowapunguza," Letisia aliuliza, "watarudi?"

"Watarudi mkiwalisha. Maziwa ya mama tu, mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo mtamwanzishia uji mzito na vyakula laini, huku ananyonya hadi miaka miwili au zaidi."

"Lakini mimi naenda sokoni," alisema Germana.

"Utakamua maziwa kabla ya kuondoka. Nawa mikono kwa sabuni. Kamulia kwenye chombo kilichochemshwa, chenye mfuniko. Yaweke mahali penye baridi, yatumike ndani ya saa sita. Bibi atamnywesha kwa kikombe kidogo. Chupa ni ngumu kusafisha."

Letisia aliguna. "Maziwa ya mtu kukaa mezani? Na jicho baya je?"

"Funika, bibi. Yakifunikwa, jicho baya halioni na inzi haingii."

Hata Germana alicheka.

Wiki ya kwanza haikuwa rahisi. Siku ya kwanza Germana alikamua, yakapatikana maziwa ya kufunika kitako cha kikombe tu, akataka kukata tamaa. Letisia akampashia maji, akamkanda mgongo. "Taratibu, mwanangu. Hata ng'ombe hakamuliwi kwa hasira." Siku ya nne kikombe kilijaa. Clemens alimwaga nusu kifuani, kisha akajua kunywa. Kuhara kulikoma, naye akaanza tena kucheka na watu.

Mwezi uliofuata, siku ya kliniki, Letisia alikwenda mwenyewe na mjukuu wake. Mizani ilionyesha kilo sita na nusu. Alama kwenye kadi ilikuwa imepanda juu.

Pembeni yake kwenye benchi alikaa bibi mwingine kutoka Mdandu, amempakata mtoto mchanga. Alitoa kichupa cha maji ya sukari mkobani.

"Subiri kwanza, dada," Letisia alimwambia, akamsogelea. "Mimi nilimlisha huyu uji kwa siri, nikamdanganya mama yake, nusura nimpoteze. Rudisha hicho kichupa, nikueleze ya tumboni mwa mtoto."

Yule bibi alikirudisha kichupa mkobani, akasogea kumpa nafasi. Letisia akaanza kueleza.